Ukurasa wa Kioo na Ukurasa wa Karatasi

Mtu anayeandika kwa kompyuta huamini kwamba ukurasa anaouona kwenye kioo ndio utakaotoka kwenye printa, na hana kosa kuamini hivyo, kwa sababu programu za kuchakata maneno, yaani zile zinazotumika kuandika barua, ripoti na vitabu, zimetengenezwa makusudi ili zimpe imani hiyo: humchorea karatasi nyeupe yenye kingo zake, humwonyesha pambizo na namba za kurasa, na humwekea hata rula juu ya maandishi. Pamoja na hayo, barua iliyoenea ukurasa mmoja hutoka na nafasi ya sahihi ikiwa imebaki peke yake kwenye ukurasa wa pili, jedwali lililokaa sawasawa hukatika mstari wake wa mwisho, na tasnifu yenye kurasa 92 kwenye kompyuta ya mwanafunzi hufika kwenye duka la steshenari ikawa na kurasa 95. Lawama humwangukia mchapaji, au katibu muhtasi, au mwenye duka, ilhali kila mmoja wao huenda amefanya kazi yake ipasavyo. Mazungumzo haya yanaieleza tofauti hiyo kuanzia chanzo chake, na hoja yake kuu ni kwamba ndani ya faili hamna ukurasa wowote; mna maneno na maagizo ya namna ya kuyapanga, na kioo na printa ni vifaa viwili vinavyoyatekeleza maagizo hayo kila kimoja kwa uwezo wake.

Tatizo hili halikuwapo enzi za taipureta. Katibu muhtasi aliyepiga taipu aliiona karatasi yenyewe ikipanda mbele yake, kila herufi ikichukua nafasi sawa na nyingine, ikiwa i au m, na kengele ilimjulisha kwamba mstari unakaribia mwisho. Hata kompyuta za mwanzo, zilizotumia programu kama WordStar ya mwaka 1978 na baadaye WordPerfect, hazikumhadaa mtu: kioo kilikuwa na safu 80 na mistari 25 ya herufi za upana mmoja, na aliyetaka neno likolezwe wino aliweka alama maalumu kabla na baada yake, akijua kwamba sura ya neno hilo ataiona karatasini. Ahadi kwamba kioo kitafanana na karatasi ililetwa na watu wengine, na waliileta kwa nia njema kabisa.

Mahali pake ni kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, ambako mwaka 1973 iliundwa kompyuta iliyoitwa Alto. Kioo chake kilisimama wima kama karatasi, kikiwa na pikseli 606 kwa upana na 808 kwa kimo. Pikseli ni kile kidoa kidogo kuliko vyote ambacho kioo kinaweza kukiwasha au kukizima. Kwa ajili ya kompyuta hiyo Butler Lampson na Charles Simonyi walibuni mwaka 1974 programu ya Bravo, iliyoweza kuonyesha fonti mbalimbali, herufi za mlazo na herufi nzito palepale mtu anapoandika, na katika kituo hichohicho Gary Starkweather alikuwa akiiendeleza printa ya leza, ambayo huchora ukurasa mzima kwa nukta ndogo sana. Simonyi alihamia Microsoft mwaka 1981, na wazo la Bravo likamfuata hadi kwenye programu ya Word iliyotoka mwaka 1983. Tangu wakati huo watengenezaji wa programu wamekuwa wakiuza ahadi moja, kwamba mtu atapata kile anachokiona, na miaka yote hiyo wahandisi wao wamekuwa wakihangaika kuitimiza.

Upo wakati mfupi ambapo ahadi hiyo ilikaribia sana kuwa kweli, na inafaa kuutazama kwa sababu unaonyesha waziwazi ni kitu gani kinachohitajika. Wachapaji wa vitabu hupima herufi kwa kipimo kinachoitwa pointi, na katika kompyuta pointi 72 hutimiza inchi 1. Kampuni ya Apple ilipotoa Macintosh mwaka 1984, iliipa kioo chenye pikseli 72 kwa kila inchi, hivyo pikseli moja ikawa sawasawa na pointi moja, na printa yake ya ImageWriter ilichapa nukta 144 kwa inchi, yaani mara mbili kamili. Kila pikseli ya kioo ilipata nukta mbili za kwenda na mbili za kushuka, bila kubaki kitu. Mwaka uliofuata ikaja LaserWriter, printa ya leza yenye nukta 300 kwa inchi, nzuri kwa kila hali isipokuwa moja: 300 haigawanyiki kwa 72. Picha zilizochorwa pikseli kwa pikseli zikaanza kutoka na mistari minene mahali na myembamba mahali pengine, na dawa iliyowekwa kwenye mipangilio ya uchapishaji ilikuwa kupunguza ukubwa hadi asilimia 96, kwa kuwa asilimia 96 ya 300 ni 288, ambayo ni 72 mara nne. Hivyo mtumiaji alipewa achague kati ya ukurasa wenye ukubwa sahihi na ukurasa wenye mistari sahihi. Vyote viwili kwa pamoja havikuwezekana.

Kwenye kompyuta za Windows hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Microsoft iliamua kwamba kioo kihesabiwe kuwa na pikseli 96 kwa inchi, ili herufi zionekane kubwa zaidi kwa mtu anayesoma kioo kilicho mbali kuliko karatasi iliyo mkononi, na kwa uamuzi huo fonti ya pointi 12 hupata pikseli 16. Katika fonti ya Times New Roman herufi i ina upana wa 0.278 ya ukubwa wa fonti, kwa hiyo inastahili pikseli 4.45. Kwa kuwa programu za miaka ile ziliipa kila herufi upana wa pikseli kamili, i hukadiriwa kuwa pikseli 4. Herufi t hupata hasara ileile, m inayostahili pikseli 12.45 hupewa 12, na r inayostahili 5.33 hupewa 5. Msikilizaji anaweza kuyapima haya kwa maneno ya kawaida ya ofisini, “Wizara imepitisha mipango hii”, ambayo yana herufi i saba: upana wake halisi ni kama pikseli 198, lakini kila herufi ikikadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu nayo, jumla hupungua kwa karibu pikseli 6, sawa na milimita moja na nusu. Maneno hayo ni theluthi tu ya mstari wa karatasi ya A4 yenye pambizo za inchi moja. Mstari mzima wa namna hiyo hukosa zaidi ya milimita 4, nafasi inayotosha neno fupi kuonekana limeenea kwenye kioo huku karatasini likishuka mstari wa chini. Printa ya leza yenye nukta 600 kwa inchi hukadiria pia, lakini fonti hiyohiyo huipa nukta 100, na kosa la nusu nukta ni dogo mno kwa jicho la binadamu. Kioo cha zama hizo kilikuwa kama fundi cherehani mwenye futi isiyo na nusu wala robo: kila kipande alikipima kwa uaminifu, lakini gauni lilipokamilika halikumwenea mwenyewe.

Kiswahili huathirika hapa kwa namna yake, kwa kuwa ni lugha yenye maneno marefu yanayorundika viambishi mwanzoni, na viambishi vyenye i ni vingi mno. Neno kama “hayakuwashirikisha” likikosa nafasi huondoka zima na kuacha pengo kubwa mwishoni mwa mstari, kisha aya nzima hujipanga upya. Mistari ikipangwa upya mahali pamoja, aya inaweza kuongezeka mstari mmoja. Na mstari huo mmoja ukiangukia chini ya ukurasa, husukuma kichwa cha habari, nacho husukuma jedwali, na jedwali lisiloruhusiwa kukatwa huhamia ukurasa unaofuata na kuacha nusu ya ukurasa wazi. Ndivyo hitilafu ya milimita chache inavyozaa kurasa tatu za ziada.

Watengenezaji waliyajua haya, na walikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni kupanga mistari kwa vipimo vya kioo, herufi zikae vizuri machoni, na karatasi itoke vingine. Ya pili ni kuiuliza printa kabla ya kupanga chochote: programu huwasiliana na draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuiamuru printa, hupata upana wa kila herufi kama itakavyochapwa, hukata mistari kwa vipimo hivyo, kisha kwenye kioo huzibana au kuzitawanya herufi ili mstari uishie palepale. Word ilifuata njia hii ya pili kwa miaka mingi, na ndiyo sababu vioo vya miaka ya 1990 vilionyesha herufi zilizogandana katikati ya neno na kuachana mwishoni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa maana mwandishi wa barua anajali karatasi zaidi, lakini ulileta tatizo ambalo hakuna aliyewaeleza watumiaji: waraka ulifungwa na printa. Mtu alipobadilisha printa kwenye kompyuta yake, hata bila kugusa herufi moja, mistari iliweza kukatwa upya. Na alipoipeleka kazi yake dukani kwenye flashi, kompyuta ya dukani iliiuliza printa ya dukani, ikapewa majibu mengine. Programu za siku hizi zimepunguza utegemezi huo kwa kupima kwa kipimo kisichohusiana na printa yoyote, ingawa chaguo la kutumia vipimo vya printa bado limo katika mipangilio ya Word na ya LibreOffice, na waraka wa zamani unaweza kufunguka nalo likiwa limewashwa.

Hata printa ikiondolewa katika hesabu, fonti hubaki. Faili la kawaida la Word hubeba jina la fonti bila kubeba fonti yenyewe, mpaka mwandishi aagize vingine kwa kuchagua fonti zipachikwe ndani ya faili. Kompyuta inayolifungua ikikosa fonti hiyo, huchukua nyingine inayodhani inakaribiana nayo, na mara nyingi haitangazi kwamba imefanya hivyo. Mwaka 2007 Word ilianza kutumia Calibri badala ya Times New Roman kama fonti yake ya kawaida, na kompyuta nyingi za zamani hazikuwa nayo. Waraka uliosafiri kutoka ofisi yenye programu mpya kwenda ofisi yenye programu kuukuu ulibadilika urefu njiani. Kampuni ya Red Hat ilitoa mwaka huohuo fonti za Liberation, ambazo sura zake ni tofauti kidogo na za Times New Roman, Arial na Courier New, lakini upana wa kila herufi umelinganishwa na wa herufi ya asili, ili mistari ikatike palepale. Hiyo ni kazi ya heshima kubwa, iliyowasaidia watu wengi wasiojua kwamba wamesaidiwa.

Karatasi nayo ina utata wake. Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297, kipimo ambacho asili yake ni viwango vya Ujerumani vya mwaka 1922. Marekani hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 215.9 kwa 279.4, na programu nyingi zimetungwa huko, kwa hiyo kompyuta ambayo nchi yake haikuwekwa sawasawa huanzisha kila waraka mpya kwa kipimo cha Marekani. Letter ni fupi kuliko A4 kwa milimita 17.6, nafasi ya mistari mitatu na nusu hivi ya fonti ya pointi 12, ingawa upana wake wa ziada hurudisha sehemu ya nafasi hiyo. Kwenye kioo karatasi hizi mbili hazitofautiki kwa mtu asiyezitafuta. Kwenye printa, programu itaukuza au kuupunguza ukurasa kimyakimya ili utoshee, au printa itasimama na kuwasha taa ikidai karatasi ambayo hakuna duka la mtaani linaloiuza, na foleni yote nyuma yake itangoja.

Yapo pia mambo ambayo kioo hakiyaonyeshi kama yalivyo kwa sababu yanabadilika wakati wa kuchapisha, na baadhi yake ni ya hatari kuliko mistari iliyohama. Tarehe inayojiandika yenyewe ni mfano ulio wazi. Mwandishi anapochagua tarehe ya kujisasisha, programu haihifadhi tarehe. Huhifadhi agizo la kuandika tarehe ya leo, na agizo hilo hutekelezwa upya faili linapofunguliwa au kuchapishwa. Barua ya onyo aliyopewa mfanyakazi mwezi Machi, ikichapishwa tena mwezi Juni kwa ajili ya shauri, itatoka na tarehe ya Juni, na nakala mbili za barua moja zitapingana mbele ya wanaoamua haki ya mtu. Namba za kurasa katika orodha ya yaliyomo huelekea upande mwingine: zenyewe hubaki kama zilivyokuwa mara ya mwisho kusasishwa, hata kurasa zikiwa zimeongezeka, na mtahini huzikuta karatasini zikimpeleka kwenye ukurasa usio na sura aliyoahidiwa. Masahihisho yaliyorekodiwa na maoni ya pembeni, yakiachwa bila kuondolewa, huchapwa pamoja na matini, na ili yapate nafasi programu hupunguza ukubwa wa ukurasa mzima.

Rangi zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Kioo huumba rangi kwa mwanga wa aina tatu, nyekundu, kijani na buluu, wakati printa ya rangi huziumba kwa wino juu ya karatasi inayorudisha mwanga wa chumba, kwa hiyo buluu kali ya kioo hutoka imepoa. Na printa ya leza ya nyeusi na nyeupe hugeuza nyekundu na kijani za mchoro kuwa kijivu zinazokaribiana, hata msomaji asitambue ipi ni mapato na ipi ni matumizi.

Kuhusu ukubwa, kile kinachoitwa asilimia 100 kwenye programu si ukubwa wa karatasi mpaka itokee kwamba kioo kina pikseli 96 kwa inchi kweli. Kompyuta ya mkononi ya inchi 14 yenye pikseli 1366 kwa 768 ina takriban pikseli 112 kwa inchi, na ukurasa wa A4 juu yake, kwa asilimia 100, una upana wa milimita 180 badala ya 210; rula ya plastiki ikiwekwa juu ya kioo itathibitisha. Mwandishi anayechagua ukubwa wa herufi kwa kutazama kioo hicho huziona ndogo, akazikuza, na kijitabu chake kikatoka na herufi za watoto wa shule ya awali. Simu ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, kwa kuwa waraka unaotumwa kwa WhatsApp na kufunguliwa kwenye Word ya simu unaweza kuonyeshwa bila kurasa kabisa, mistari ikikatwa kwa upana wa simu, na bosi anayeidhinisha barua kwa kuitazama hapo ameidhinisha maneno tu, mpangilio hajauona.

Kuna mtu mmoja aliyekataa kuifuata ahadi ya kioo tangu mwanzo. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, baada ya kuchukizwa mwaka 1977 na sampuli za kurasa za toleo jipya la kitabu chake, aliunda mfumo wa TeX, ambamo mwandishi huandika maneno na maagizo bila kuona ukurasa, kisha mfumo hukata mistari kwa kipimo kidogo ajabu, pointi moja ikigawanywa mara 65,536, pasipo kukiuliza kioo wala printa. Matokeo huhifadhiwa katika faili lisilotegemea kifaa chochote, na kifaa kikishalipokea kina kazi moja tu, kuziweka herufi mahali zilipoagizwa kwa kadiri kinavyoweza. Waraka wa hisabati ukipitishwa tena kwenye mfumo huo kwa fonti zilezile na maagizo yaleyale, mistari yake hukatika palepale, Nairobi au Tokyo, na wanahisabati wameukubali ugumu wa kuandika bila kuona ukurasa kwa sababu ya uaminifu huo.

Kwa wengine wote jibu lilikuja mwaka 1993, kampuni ya Adobe ilipotoa PDF, aina ya faili inayohifadhi ukurasa ambao tayari umepangwa: kila herufi na mahali pake, na kwa kawaida fonti ikiwa ndani yake. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, na kwa kazi inayopelekwa kuchapishwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine hakuna sababu ya kuipeleka kwa namna nyingine. Mwandishi anayeibadilisha kazi yake kuwa PDF kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, ameshayafunga maamuzi yote yaliyotajwa hapa, ya fonti, ya karatasi, ya tarehe na ya mistari. Limebaki jambo moja tu, nalo liko mikononi mwa anayebonyeza kitufe cha kuchapisha. Printa nyingi haziwezi kufika kwenye ukingo kabisa wa karatasi, na kwa sababu hiyo programu za kusomea PDF hutoa chaguo la kuutoshea ukurasa ndani ya eneo linalochapika, ambalo huupunguza kwa asilimia chache. Kwa barua ya kawaida hilo halidhuru. Kwa fomu inayochapwa juu ya karatasi iliyokwishachorwa visanduku, au kwa ramani ya nyumba, linadhuru sana: ramani ya kipimo cha 1 kwa 100 ikipungua kwa asilimia 3, chumba cha mita 4 kitapimwa na fundi kwa rula kuwa mita 3.88, na msingi utachimbwa hivyo. Chaguo linalotakiwa hapo ni ukubwa halisi, na mchoraji makini huweka chini ya ramani yake mstari wa milimita 100 ulioandikwa urefu wake, ili yeyote anayeipokea aupime kabla ya kupima kitu kingine chochote.